Sanduku la Dunia: Picha za Kiinimacho na Miji Isiyokuwapo

Mtu akiletewa leo mojawapo ya picha tunazokusudia kuzizungumzia hapa, akaiweka mezani na kuitazama kwa macho matupu, yamkini ataiona kuwa ni kazi duni. Rangi zake ni kali na zimepakwa kwa haraka, hata pengine buluu ya mbingu imevuka mpaka wake na kumwagikia paa la kanisa. Barabara inaanza pana mno mbele, kisha inasonyokea nyuma mithili ya shingo ya faneli. Watu ni wadogo, nao wametawanyika uwanjani kama kete zilizosahauliwa baoni. Na juu kabisa, palipoandikwa jina la picha, herufi zote zimegeuzwa kinyumenyume, hazisomeki. Mtazamaji wetu atadhani kwamba mchapaji alikuwa amelewa. La hasha! Mchapaji alikuwa na akili zake timamu, ila picha yake haikukusudiwa kutazamwe hivyo.

Picha hizi zilitengenezwa huko Ulaya kuanzia miaka ya 1740 hadi mwanzo wa karne ya 19. Wafaransa waliziita vues d'optique, yaani mandhari za kutazamwa kwa lenzi, na chombo chake cha kutazamia wataalamu wa siku hizi hukiita zograskopu. Chombo hicho kina umbo rahisi. Ni mguu wa mbao uliochongwa kama wa kinara cha taa. Juu yake imefungwa lenzi kubwa iliyotuna katikati. Na nyuma ya lenzi hutundikwa kioo cha kujitazamia kilichoinamishwa kwa nyuzi 45. Picha hulazwa chali juu ya meza, chini ya kioo hicho. Mtazamaji huketi akatazama mbele yake kupitia lenzi, akaiona picha ndani ya kioo kana kwamba imesimama wima. Kwa kuwa kioo hubadilisha kulia kuwa kushoto, jina lililoandikwa kinyume sasa husomeka sawasawa. Hapo ndipo fumbo la zile herufi linapofumbuka.

Lakini la ajabu zaidi si herufi. Mara jicho likutanapo na lenzi, ile karatasi bapa hupata kina. Nguzo za mbele husogea karibu, barabara hunyooka kwenda mbali, na mtu huhisi kwamba lau angenyosha mkono ungeingia ndani ya mji. Kwa nini?

Tuseme kwamba macho yetu hufanya kazi kama hakimu anayewasikiliza mashahidi wengi. Shahidi mmoja ni ule msuli ndani ya jicho, unaokaza tutazamapo kitu cha karibu na kulegea tutazamapo kitu cha mbali. Mwingine ni macho mawili yenyewe, ambayo hugeukiana kidogo kitu kikiwa karibu na pua. Wa tatu ni ukingo wa karatasi na meza iliyo chini yake. Mashahidi hawa wote watatu, mbele ya picha ya kawaida, husema kwa kauli moja: hii ni karatasi, nayo iko hapa karibu. Sasa lenzi kubwa huwanyamazisha. Miale itokayo kwenye picha, ikishapita katika lenzi, husafiri karibu sambamba, kama miale itokayo kwenye kitu kilicho mbali sana. Basi msuli unalegea na macho hayageukiani tena. Fremu ya lenzi nayo inauficha ukingo wa karatasi. Anabaki shahidi mmoja tu barazani: mistari ya mchoro inayokutana mbali, na watu wanaopungua kimo kadiri wanavyokwenda nyuma. Na shahidi huyo amefundishwa na mchoraji la kusema.

Mwalimu asiye na maabara asikate tamaa. Sisi tumelijaribu jambo hili darasani kwa kalenda kuukuu yenye picha ya reli, na karatasi iliyoviringishwa ikawa bomba. Mwanafunzi hufumba jicho moja, akachungulia kwa jingine ndani ya bomba, akahakikisha kwamba haoni ukingo wa kalenda. Baada ya nukta chache reli huanza kwenda mbali. Mwenye lenzi ya kukuzia iliyo pana kiasi cha kutosha macho yote mawili atapata ajabu kubwa zaidi. Wanafunzi hucheka, kisha hunyang'anyana.

Lugha yetu ina neno kwa hila ya namna hii, nalo ni kiinimacho. Twalitumia kwa kawaida tukisema juu ya wafanya mazingaombwe, wale wanaotoa sarafu sikioni mwa mtoto. Na mara nyingi hulitamka kwa dharau kidogo, kana kwamba ni jina jingine la uongo. Sisi twaona kwamba neno hilo lina busara kuliko matumizi yake. Linauweka mchezo mahali pake, ndani ya jicho, wala haliuweki katika mkono wa mchezaji. Waliokuwa wakiuza zograskopu wangelielewa mara moja.

Hila yenyewe ilikuwa na wahenga wake. Mwanzoni mwa karne ya 11, Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyeishi na kufanya kazi Kairo, aliandika kitabu kikubwa juu ya kuona, Kitab al-Manazir. Kabla yake walikuwapo wengi walioamini kwamba jicho hutoa miale inayokwenda kugusa vitu. Yeye alionyesha kwamba mwanga ndio unaotoka kwenye vitu na kuingia jichoni. Kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kilatini, nao wanazuoni wa Ulaya wakakisoma kwa karne nyingi. Kisha, mnamo mwaka 1420 hivi, msanifu majengo wa Florence, Filippo Brunelleschi, alichora jengo la ubatizo la mji wake juu ya ubao, akatoboa tundu dogo katika ubao huo, akamtaka mtazamaji asimame nyuma ya ubao na kuchungulia tunduni, huku ameshika kioo mbele yake. Mtazamaji aliuona mchoro ndani ya kioo, na akiondoa kioo aliliona jengo lenyewe mahali palepale. Tundu, kioo, na mchoro uliopimwa kwa rula: vifaa vyote vya mchezo wetu vimekwisha kuwapo hapo, miaka mia tatu na ushei kabla ya wachuuzi kuvigeuza biashara.

Biashara hiyo ilikuwa na vituo vinne vikubwa. Huko Paris wachapaji walijipanga katika mtaa wa Saint-Jacques; London walikuwapo akina Robert Sayer na jamaa wa ukoo wa Bowles; Augsburg, katika Ujerumani, alisifika Georg Balthasar Probst; na katika mji mdogo wa Bassano, kaskazini ya Italia, ukoo wa Remondini ulikuwa na kiwanda ambacho picha zake zilichukuliwa na wachuuzi wa miguu wa bonde la Tesino hadi pembe za mbali za Ulaya, hata Urusi. Probst aliandika majina ya picha zake kwa lugha nne, Kilatini, Kifaransa, Kitaliano na Kijerumani, kwa sababu hakujua mteja wake atakuwa nani. Mfanyabiashara hodari huyo!

Utengenezaji wake haukuwa wa siri. Fundi alichonga mchoro juu ya bamba la shaba, bamba likapakwa wino na kufutwa, wino ukabaki ndani ya mikwaruzo, kisha karatasi ikagandamizwa juu yake kwa mashine. Bamba moja lilitoa nakala nyingi. Baada ya hapo rangi zilipakwa kwa mkono, karatasi moja baada ya nyingine, na ndiyo maana zina haraka ile tuliyoitaja. Ukali wa rangi ulikuwa na sababu: kioo na lenzi hufifisha mwanga, basi rangi ya upole ingepotea njiani. Kulikuwa pia na ufundi mmoja ambao sisi twaupenda kuliko mwingine wote. Picha ilitobolewa matundu madogo kwa sindano au kisu palipo na madirisha, taa na nyota, na nyuma yake pakabandikwa karatasi nyembamba za rangi. Taa ikiwa mbele ya picha, mji ulikuwa wa mchana. Mwenye kuonyesha alipoizima ya mbele na kuwasha ya nyuma, usiku uliingia, na madirisha ya jumba la mfalme yakawaka moja moja.

Matajiri walikuwa na zograskopu sebuleni, nao walitazama picha hizo jioni pamoja na wageni, na kuwafundishia watoto wao majina ya miji. Maskini hawakukosa. Kwa ajili yao walikuwapo watu waliotembea kutoka gulio hadi gulio wamebeba sanduku mgongoni, wengi wao wakitoka katika milima ya Savoy. Sanduku lilikuwa na matundu yenye lenzi. Ndani yake picha zilining'inizwa kwa kamba, nazo zikabadilishwa moja baada ya nyingine huku mwenyewe akisimulia. Waitaliano waliliita sanduku hilo mondo nuovo, maana yake ulimwengu mpya. Mchoraji wa Venice, Giandomenico Tiepolo, alilichora jambo hilo mwaka 1791 juu ya ukuta wa nyumba ya jamaa yake huko Zianigo. Mchoro huo baadaye uliondolewa ukutani na sasa umo katika jumba la makumbusho la Ca' Rezzonico, Venice. Katika mchoro huo tunaona umati umetupa mgongo. Mabibi, wakulima, mabwana waliovaa nywele za bandia, watoto walionyanyuliwa, wote wanasukumana kulielekea banda la kuchungulia, na mtu mmoja amepanda juu ya kigoda akiwa na ufito mrefu mkononi. Nyuso hazionekani ila chache. Kilicho ndani ya banda hakionekani kabisa. Tiepolo alikuwa mkali, nasi hatudhani kwamba aliwapenda sana watu wale. Lakini alijua kwamba mgongo wa mtu anayetazama kwa hamu husema mengi.

Waarabu wa Misri na Shamu nao walikuwa na sanduku lao, ambalo jina lake msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani kulielewa: sunduq al-dunya, sanduku la dunia. Watoto waliketi juu ya benchi, wakafunikwa kichwani kwa kitambaa ili mwanga usiingie, nao wakachungulia picha zilizokuwa zikizungushwa za Antar na Abla, au za Abu Zayd wa Banu Hilal, huku mwenye sanduku akiimba habari zao. Jina hilo lilipendwa hata mwandishi wa Misri, Ibrahim al-Mazini, akalifanya jina la kitabu chake cha insha kilichotoka mwaka 1929. Hapa pana tofauti inayostahili kuangaliwa. Sanduku la Kiarabu lilikuwa na mashujaa ambao mtoto alikwisha kuwasikia kwa nyanya yake. Sanduku la Ulaya lilipenda zaidi miji ya watu wengine. Lilimwahidi mtazamaji kwamba angesafiri bila kuondoka, na kwamba alichokiona ndicho kilichoko.

Ahadi hiyo ya pili ndiyo inayotufanya tuziandike kurasa hizi.

Tuchukue mfano ulio mashuhuri. Tarehe 9 Julai 1776, baada ya Tangazo la Uhuru wa Marekani kusomwa mjini New York, askari na raia waliliendea sanamu la Mfalme George wa Tatu katika uwanja wa Bowling Green, wakaliangusha. Lilikuwa sanamu la risasi lililopakwa dhahabu, nalo lilimwonyesha mfalme amepanda farasi. Risasi yake ikayeyushwa, ikafanywa risasi za bunduki za kumpigia mfalme huyohuyo. Habari hiyo ilivuka bahari, nao wachapaji wakaona faida. Huko Augsburg, Franz Xaver Habermann akachonga bamba la tukio hilo. Na Paris nako picha hiyohiyo ikauzwa. Ndani yake mfalme hana farasi, amesimama kwa miguu juu ya nguzo yake. Nyumba zinazouzunguka uwanja ni za ghorofa nyingi, za mawe, zimepangwa kwa safu kama za mji mkuu wa Ulaya. Na watu wanaozivuta kamba kuliangusha sanamu wamechorwa kuwa watumwa weusi, huku mabwana wakisimama pembeni kutazama.

Habermann hakupata kufika Amerika. Alichora Boston pia, na Salem, na Quebec, na Philadelphia, zote kwa majumba ya fahari ambayo mkazi wa miji hiyo asingeyatambua hata kidogo. Hatumlaumu kwa kutosafiri. Nauli ilikuwa kubwa. Linalotushughulisha ni jinsi ujinga ulivyojazwa. Palipokosekana habari za nyumba, mchonga bamba alitia nyumba alizozijua. Palipokosekana habari za watu, alitia watu kwa kufuata fikra iliyokwisha kukaa kichwani mwake: katika nchi ya mbali kazi ya kuvuta kamba hufanywa na Mwafrika mtumwa. Kisha lenzi ikamthibitishia mnunuzi kwamba ni kweli, maana ameyaona mwenyewe kwa kina na upana wake. Picha bapa ya uongo inaweza kutiliwa shaka. Picha ya uongo yenye kina humshika mtu kama aliyekuwapo.

Mfano wa pili ni wa kimya zaidi. Katika miaka ya 1731 na 1732 Kampuni ya Kiingereza ya Mashariki ya Indi iliagiza kwa ofisi yake ya London michoro sita ya bandari zake, miongoni mwake Bombay, Madras, Calcutta na mji wa Rasi ya Tumaini Jema. Waliochora ni George Lambert, aliyekuwa stadi wa nchi kavu, na Samuel Scott, aliyekuwa stadi wa merikebu; wala hawakuziona bandari hizo. Baadaye michoro hiyo ikachongewa mabamba na kuuzwa kwa wenye vyombo vya kutazamia. Kila kitu ndani yake ni safi. Bendera inapepea juu ya ngome, merikebu zimetua, bahari imetulia kama maji ya bakuli. Sebuleni pale, nani angeuliza habari za watumwa wa Rasi, waliochukuliwa kutoka Bukini, Msumbiji, Bara Hindi na visiwa vya Indonesia? Mchoraji hakusema uongo juu yao. Hakuwachora tu.

Pwani yetu ilikwisha kuonja desturi hii mapema zaidi, ingawa kwa picha zisizo za lenzi. Mwaka 1572, katika mji wa Cologne, Georg Braun na Frans Hogenberg walichapisha juzuu la kwanza la kitabu chao cha miji ya ulimwengu, na katika ukurasa mmoja wakaiweka miji minne pamoja: Aden, Mombasa, Kilwa na Sofala. Mwenye kuufungua ukurasa huo aliiona miji ikiwa imara kisiwani na pwani, na vyombo baharini. Lakini Kilwa na Mombasa zilikuwa zimekwisha kutekwa na kuporwa na Wareno wa Francisco de Almeida mwaka 1505, miaka 67 kabla. Twataja jambo hili kwa mwalimu wa historia hasa, kwa kuwa picha hiyo ya Kilwa imekuwa ikirudiwa katika vitabu kadha wa kadha. Haifai kuitupa. Yafaa iletwe darasani pamoja na maswali: nani aliichora, alikaa wapi, alipata habari kwa nani, nani aliinunua, na ni jambo gani ambalo hakulichora? Mwanafunzi akizoea kuyauliza haya mbele ya picha ya 1572, atayauliza pia mbele ya picha ya jana ya njaa na simba, itokayo kwa watu waliokaa kwetu juma moja.

Tusije tukafanya kana kwamba picha za lenzi zilikuwa mtego mtupu, wala kwamba kila aliyezipokea alizipokea akiwa amefumba akili. Wajapani wanatufundisha vingine. Nchi yao wakati huo ilikuwa imefungia karibu wageni wote wa Ulaya. Waholanzi tu ndio walioruhusiwa kufanya biashara, nao walizuiwa katika kisiwa kidogo cha Dejima, Nagasaki. Hata hivyo lenzi na picha zilipenya. Kijana wa Kyoto, Maruyama Okyo, aliyezaliwa mwaka 1733, alianza uchoraji wake kwa kutengeneza picha za chombo hicho, ambazo Wajapani waliziita megane-e, yaani picha za miwani. Alichora mahekalu na mitaa ya Kyoto, mji aliokaa. Baadaye akawa mmoja wa wachoraji wakuu wa taifa lake, na wapenzi wa kazi zake huona kwamba macho yaliyopimwa na lenzi hayakumwacha. Mwenzake, Utagawa Toyoharu, alichukua picha ya Ulaya ya mfereji mkuu wa Venice, akaichonga upya juu ya ubao, akaipa jina la kubuni la bandari ya Waholanzi. Tunacheka, maana Toyoharu aliifanyia Venice lilelile ambalo Habermann aliifanyia Boston! Na mwaka 1783 Shiba Kokan alichapisha mandhari ya Mimeguri, karibu na Edo, kwa bamba la shaba, ya kwanza ya ufundi huo katika Japani. Aliichonga kinyume makusudi, ili isomeke sawa ndani ya kioo cha chombo. Lenzi ilikuwa ya mgeni. Mto ulikuwa wa nyumbani.

Liko jambo jingine ambalo hatuna budi kulisema, kwa sababu limetumiwa vibaya. David Livingstone, katika safari yake ya kwenda Luanda, alikuwa na taa ya kurushia picha ukutani. Mwezi wa Januari 1854 aliionyesha katika boma la Shinte, mtawala wa Walunda wa Balonda. Picha ya kwanza ilikuwa ya Nabii Ibrahimu ameinua kisu juu ya mwanawe. Alipoisogeza picha, wanawake waliona kisu kinawajia wao, wakakimbia huku wakipiga kelele. Livingstone mwenyewe alilisimulia jambo hilo, na tangu hapo limerudiwa mara nyingi kwa kicheko, liwe ushahidi wa ushamba wa Mwafrika mbele ya ufundi. Wanaocheka wasahau basi habari za Paris. Huko, kuanzia mwaka 1798, Étienne-Gaspard Robertson alirusha kwa taa ya namna hiyohiyo mizuka iliyokua na kusogea gizani, nao wenyeji wa mji huo uliojivunia falsafa walipiga kelele, wakajifunika nyuso, wengine wakachomoa fimbo kujilinda. Tena walikuwa wamelipa kiingilio. Macho hayana pazia, ya Shinte wala ya Paris. Tunaongeza kwamba wanawake wa Shinte walikuwa na sababu nzuri zaidi ya kukimbia: mgeni alikuwa ameleta picha ya mtu anayetaka kumchinja mtoto, akaisogeza upande wao.

Picha za lenzi zilidhoofika miaka ya 1800 ilipoendelea. Robert Barker alikuwa amepata hataza ya panorama mwaka 1787, picha kubwa ya mviringo iliyomzunguka mtazamaji pande zote. Louis Daguerre akafungua diorama yake Paris mwaka 1822. Mwaka 1838 Charles Wheatstone akaeleza stereoskopu, chombo kinacholipa kila jicho picha yake. Na mwaka uliofuata ufundi wa kamera ukatangazwa. Mabamba ya shaba yakauzwa kama chakavu au yakasahauliwa, na karatasi zenyewe zikachanika mikononi mwa watoto. Zilizobaki zimo katika makumbusho na maktaba, na za matundu zikiwa adimu kuliko nyingine, maana karatasi iliyotobolewa haiishi sana. Zile miwani nzito ambazo vijana wa leo huzivaa ili waone ulimwengu wa kompyuta umewazunguka zina lenzi zilizotuna, zilizowekwa karibu na jicho ili picha ya karibu ionekane ya mbali. Probst angezivua, akazigeuza mara moja mkononi, akaelewa.

Kwetu, picha za kina cha kubuni zilipata makao ya namna yake. Katika miaka ya 1990 walikuwapo karibu na kivuko cha Likoni, Mombasa, wapiga picha waliokuwa na vibanda vya mbao, na ndani ya kila kibanda pazia lililochorwa: ndege imetua, meli ya ghorofa nyingi, majumba marefu, bustani yenye njia inayokwenda mbali mpaka inatokomea. Mteja, mara nyingi mtu aliyetoka bara kuja kutafuta kazi, alijitengeneza, akachagua pazia lake, akasimama mbele ya njia ile. Hakuna aliyedhani kwamba amepanda ndege. Yeye alijua, mpiga picha alijua, na jamaa waliopokea bahasha kijijini walijua vilevile. Nao waliibandika picha ukutani, mahali ambapo kila aingiaye ndani angeiona kwanza.